Neno Linalofunga Mlango wa Bunge

Msikilizaji mmoja wa hapa Nairobi ameniandikia barua akiuliza swali fupi: je, 'prorogue' ni tusi? Amelikuta neno hilo katika gazeti la Kiingereza, kwenye habari za Bunge, na kwa kuwa ndani yake ameona 'rogue', jina ambalo Waingereza humwitia mtu laghai, amedhani kuna mheshimiwa aliyetukanwa. La hasha, si tusi. Hata hivyo, swali lake ni zuri, na jibu lake linatuhusu sisi Wakenya kuliko tunavyodhani.

Tuanze na herufi zenyewe. P-r-o-r-o-g-u-e. Katika kulitamka, nguvu ya sauti huwekwa kwenye silabi ya pili, na neno huishia kwenye 'g' iliyo wazi, kama ile ya 'goti'. 'U' na 'e' za mwisho hazitamkwi. Hiyo 'u' ni mlinzi tu, maana katika maandishi ya Kiingereza 'g' ikifuatwa moja kwa moja na 'e' mara nyingi husomwa kama 'j'. Ndiyo sababu nomino yake, 'prorogation', haina 'u'. Hapo 'g' imefuatwa na 'a', basi mlinzi ameruhusiwa kwenda nyumbani. Wako watu wengi, wakiwemo Waingereza wenyewe, ambao hupindua herufi wakaandika 'prorouge', na kumbe wamechomeka humo neno la Kifaransa lenye maana ya rangi nyekundu.

Sasa maana yake. Bunge lenye mila ya Uingereza linaweza kusimamishwa kwa njia tatu, na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni kuahirisha: wabunge wanakwenda kula chakula cha mchana, au kwao kwa mapumziko, na wakirudi wanaendelea pale pale walipoachia. Ya pili ni kuvunja: kila mbunge anapoteza kiti, na wananchi wanakwenda kupiga kura. 'Prorogue' iko katikati ya hizo mbili. Mbunge anabaki kuwa mbunge na mshahara wake anapata, lakini mlango umefungwa. Hakuna kikao, hakuna kamati, hakuna waziri wa kuulizwa swali. Huko London, miswada mingi ambayo haijamaliza safari yake siku hiyo hufa, na mwenye mswada hana budi kuanza upya. Na anayefunga mlango si Spika wala wabunge wenyewe. Ni mkuu wa nchi, naye hufanya hivyo kwa ushauri wa waziri mkuu, yaani yule yule ambaye wabunge wana kazi ya kumhoji.

Ajabu ni kwamba neno hili halikuzaliwa kwa ajili ya kufunga kitu. Ni la Kilatini, 'prorogare': 'pro' ni mbele, na 'rogare' ni kuuliza au kuomba. Katika Roma ya kale, konsuli alishika madaraka kwa mwaka mmoja tu. Mwaka 326 kabla ya Kristo, konsuli Quintus Publilius Philo alikuwa vitani, ameuzingira mji wa Palaepolis, mahali ilipo Naples leo, na muda wake ulikuwa karibu kwisha kabla kazi haijakwisha. Hoja ikapelekwa mbele ya wananchi: je, mnakubali aendelee kuongoza jeshi hadi vita viishe? Wakakubali. Basi maana ya kwanza ya neno hili ilikuwa kumwongezea mtu muda, na muda huo uliombwa kwa wananchi.

Kwa kupitia Kifaransa, neno likaingia katika Kiingereza katika karne ya 15. Kuongeza muda kukawa kusogeza mbele, kusogeza mbele kukawa kuahirisha, na mikononi mwa wafalme kukawa kuwafungia wabunge nje mpaka siku itakayompendeza mfalme. Charles II alilifunga Bunge kuanzia Novemba 1675 hadi Februari 1677, miezi 15 mizima. Neno lililoanza kwa kuwauliza watu likawa la kuwanyamazisha wawakilishi wao. Na uwezo huo wa mfalme, ambao haupitii Bungeni, Waingereza huuita 'prerogative', neno linalotokana na 'rogare' hiyo hiyo. Kule Roma lilihusu kundi la wapiga kura waliokuwa wakiulizwa kwanza!

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya zamani. Mwaka 2008 huko Kanada, waziri mkuu Stephen Harper alikuwa anakabiliwa na kura ya kutokuwa na imani. Tarehe 4 Desemba akamwomba Gavana Mkuu afunge Bunge, akakubaliwa, na kura ile haikupigwa. Kisha ikaja zamu ya Uingereza yenyewe. Agosti 2019 Boris Johnson alimshauri Malkia Elizabeth alifunge Bunge kwa muda wa wiki tano, na tarehe ya nchi hiyo kujitoa katika Umoja wa Ulaya, 31 Oktoba, ilikuwa inabisha hodi. Usiku wa kuamkia 10 Septemba likafungwa, huku baadhi ya wabunge wakiinua karatasi za kusema kuwa wamenyamazishwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu. Tarehe 24 Septemba majaji 11, wakiongozwa na Lady Hale, wakaamua kwa kauli moja kwamba ushauri ule ulikuwa kinyume cha sheria, maana ulilizuia Bunge kufanya kazi yake bila sababu ya maana. Hawakusema Bunge lifunguliwe. Walisema halikuwahi kufungwa. Kesho yake wabunge wakaingia ukumbini kama watu waliokuwa mapumzikoni, na kumbukumbu za Bunge zikarekebishwa zisomeke kuwa kikao kilikuwa kimeahirishwa tu. Mnaona basi jinsi tofauti ya vitenzi viwili ilivyobeba uzito wa nchi nzima.

Nilisema jambo hili linatuhusu. Katiba yetu ya zamani ilimpa Rais uwezo wa kulifunga Bunge wakati wowote, na kitenzi kilichotumika humo ni hicho hicho. Wenye umri wangu wanakumbuka Januari 1993. Tulikuwa tumetoka katika uchaguzi wa vyama vingi wa 29 Desemba 1992, na KANU ilikuwa imepata viti 100 dhidi ya 88 vya upinzani. Tarehe 26 Januari Rais Moi alilifungua Bunge hilo jipya. Siku iliyofuata akalifunga. Upinzani uliokuwa umengoja miaka mingi kuingia katika ukumbi ule ukajikuta nje hadi mwezi Machi, na hakuna sheria iliyovunjwa. Hakuwa ameliahirisha wala kulivunja. Alitumia mlango wa katikati.

Mlango huo haupo tena. Katiba iliyotangazwa 27 Agosti 2010 haikumwachia Rais uwezo huo. Bunge hujipangia kalenda yake lenyewe, na muhula wake hukoma siku ya uchaguzi mkuu unaofuata. Kwa sababu hiyo kijana aliyezaliwa baada ya hapo anaweza kumaliza shule bila kulisikia neno hili hata mara moja, isipokuwa katika habari za ng'ambo.

Limebaki suala la Kiswahili chake. Nimesikia watangazaji wakisema 'kusitisha Bunge', na wengine 'kuahirisha'. Hilo la pili silikubali, kwa maana linafuta ile tofauti ambayo majaji 11 waliipigania. 'Kusitisha' linakaribia, ingawa halisemi ni nani aliyesitisha. Mimi hupendelea 'kufunga Bunge', na anayefunga nimtaje kwa jina katika sentensi hiyo hiyo: Malkia kwa ushauri wa Johnson, Gavana Mkuu kwa ombi la Harper, Rais Moi.