Je, Wajua? Jenereta Yako Inaweza Kuwasha Nguzo za Mtaa

Umeme umekatika, jenereta inanguruma uani, na taa zako zinawaka. Je, wajua kwamba jenereta hiyo inaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo, mtaa wa pili?

Transfoma nyingi za mitaani hupokea volti 11,000 na kuzishusha hadi 230 za majumbani. Lakini transfoma haichagui upande. Ukiisukumia volti 230 kutoka nyumbani, huzipandisha, na kule kwenye laini kubwa zikatoka 11,000.

Mlango wa hatari hiyo ni waya wenye plagi ya kiume huku na huku: upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani. Mwenyewe atakuambia, "Meni swichi nimeizima." Na siku akisahau? Tena plagi hiyo ikichomoka ukutani, meno yake hubaki nje yakiwa na moto, yakimsubiri mtoto. Na umeme wa gridi ukirudi ghafla, hugongana na wa jenereta, na koili zake zinaweza kuungua.

Dawa ni swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi huiita chenji ova. Ina nafasi tatu: 1 ni gridi, 0 ni kuzima, 2 ni jenereta. Mkono wake hauwezi kushika 1 na 2 kwa pamoja. Lazima upite kwenye sifuri. Hapo usalama hautegemei tena kumbukumbu ya mtu.

Kuna pia ethi, yaani waya wa kuunganisha vyombo na ardhi. Wengi hudhani kupigilia fimbo ya shaba ardhini kunatosha. Tupige hesabu: ikiwa umeme uliovuja hauna njia ya kurudi kwenye jenereta ila udongo wenye ukinzani wa omu 20, zitapita ampea 11.5 tu. Breka ya ampea 16 haitakata, na bodi ya friji itabaki na moto. Kinachoikatisha breka ni waya mzima wa ethi unaorudi hadi jenereta, na nyutro iliyofungwa kwenye ethi mahali pamoja tu. Jenereta nyingi ndogo hutoka kiwandani nyutro haijafungwa popote.

Kazi hii si ya kubahatisha. Mwite fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, na usimlipe kabla hajapima ethi mbele yako.