Maana Mbili za Neno "Kushindwa" na Hukumu juu ya Mgombea wa Urais

Kitenzi -shindwa kina kazi mbili katika Kiswahili, na msemaji aweza kuzitumia zote mbili kwa siku moja bila kuhisi tofauti yake. Kazi ya kwanza ni ya kauli ya kutendwa: mtu ameshindwa na mwenziwe katika mieleka, katika bao au katika uchaguzi. Kazi ya pili haina mshindani ndani yake: mtu ameshindwa kuinua mzigo, ameshindwa kuamka, ameshindwa kulipa deni. Hapo maana ni kukosa uwezo. Sarufi huzitenganisha kazi hizi kwa kile kifuatacho kitenzi. Kikifuatwa na neno "na" pamoja na jina la mtenda, maana ni ya kwanza. Kikifuatwa na kitenzi kingine kianzacho na ku-, maana ni ya pili. Lakini kitenzi kikisimama peke yake, kama katika sentensi "Mgombea ameshindwa", sarufi hunyamaza, na msikilizaji huchukua maana zote mbili kwa pamoja.

Jambo hili si la sarufi peke yake. Mtu aliyekosa urais huhukumiwa kwa kitenzi hiki kabla hajahukumiwa kwa matendo yake. Kwamba kura zake zilikuwa chache kuliko za mwenziwe ni habari ya hesabu. Kwamba hakuwa na uwezo ni hukumu juu ya akili na tabia yake. Neno moja likibeba yote mawili, hesabu hugeuka hukumu pasipo ushahidi wowote kuletwa. Mfano ufaao kuchunguzwa ni wa Dakta Willibrod Slaa, aliyegombea urais wa Tanzania kwa tiketi ya CHADEMA katika uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba 2010.

Mfano huo wafaa zaidi ukitazamwa kutoka Maretadu, kata ya Wilaya ya Mbulu mkoani Manyara. Huko Kiiraqw, lugha ya jamii ya Kikushi, ndicho lugha ya nyumbani kwa watu wengi, na Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya mkutano wa hadhara. Slaa alikuwa mbunge wa Karatu, wilaya ambayo hapo zamani ilikuwa sehemu ya Mbulu, naye alikuwa padre wa Jimbo Katoliki la Mbulu kabla ya kuacha upadre na kuingia siasa. Kwa hiyo huko yeye si mgeni. Hata jina lake lashuhudia hayo. Herufi "sl" katika maandishi ya Kiiraqw huwakilisha sauti moja tu, itamkwayo kwa kupitisha pumzi pembeni mwa ulimi. Mswahili, ambaye silabi za lugha yake hupenda kuishia kwa irabu, huitenga sauti hiyo kuwa mbili na kusema "Silaa". Jina la Maretadu humkalia mdomoni bila taabu. Jina la mgombea halimkalii.

Wilaya hiyo ina historia yake katika kupima watu. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kwa nafsi yake, alimshinda Chifu Amri Dodo aliyeteuliwa na chama. Wapiga kura wa Mbulu hawakuikataa TANU. Walikataa kwamba uteuzi wa chama uwe badala ya hukumu yao juu ya mtu. Mwaka 2010 jimbo la Mbulu, ambalo Maretadu ilikuwa ndani yake, lilimchagua Mustapha Akunaay wa CHADEMA kuwa mbunge.

Kabla ya kuyatazama maamuzi ya Slaa, yafaa kukumbuka kwamba Tanzania haina mazoea marefu ya kumjadili mgombea urais aliyeshindwa. Wa kwanza alikuwa Zuberi Mtemvu wa African National Congress, aliyepata kura 21,276 mwaka 1962 dhidi ya zaidi ya milioni moja za Julius Nyerere. Baada ya hapo, tangu mwaka 1965 hadi 1990, mpiga kura aliletewa jina moja la mgombea urais, akajibu ndiyo au hapana. Kwa robo ya karne, basi, hapakuwa na mtu wa kuitwa mshindwa katika nafasi hiyo. Mwaka 1995 Augustino Mrema alipata asilimia 27.8 ya kura, na miaka 15 baadaye Slaa akapata asilimia 27. Hesabu zao zakaribiana mno, lakini maamuzi na mwendo wao baada ya uchaguzi havikuwa sawa. Hiyo yatosha kuonyesha kwamba kura peke yake si kipimo cha mtu.

Uamuzi wa kwanza wa Slaa ulikuwa kukubali kugombea. Alikuwa mbunge wa Karatu tangu mwaka 1995, na sheria haimruhusu mtu kugombea urais na ubunge kwa wakati mmoja. Kukubali urais kulikuwa kuacha kiti alichokuwa na hakika nacho kwa ajili ya kiti ambacho chama chake kilikuwa kimekipatia chini ya asilimia 6 mwaka 2005. Ukipimwa kwa faida ya mtu mmoja, uamuzi huo ulikuwa hasara. Ukipimwa kwa faida ya chama, hesabu ni nyingine: CHADEMA iliyokuwa na wabunge wa majimbo 5 ilipata 23, na Karatu yenyewe ikabaki mikononi mwake kwa mgombea mwingine. Kusema kwamba hapo Slaa "alishindwa", kwa maana ya pili ya neno, ni kusema jambo lisilo kweli.

Uamuzi wa pili ulihusu ahadi. Slaa aliahidi elimu bila ada hadi kidato cha sita, matibabu bila malipo, kushusha bei ya vifaa vya ujenzi kama saruji, na kuanza kazi ya Katiba mpya katika siku 100 za kwanza. Wapinzani wake walijibu kwamba mambo hayo hayawezekani. Waswahili husema ahadi ni deni. Lakini ahadi ya aliyeshindwa ni deni la namna ya peke yake, kwa kuwa hakuna awezaye kumdai. Ajabu ni kwamba sehemu ya deni hilo ililipwa na wengine. Tarehe 31 Desemba 2010, miezi miwili tu baada ya uchaguzi, Rais Jakaya Kikwete alitangaza kwamba Katiba itaangaliwa upya. Sheria ya kazi hiyo ikapitishwa mwaka 2011, na tume chini ya Jaji Joseph Warioba ikaanza mwaka 2012, ingawa kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa. Ada za sekondari hadi kidato cha nne ziliondolewa kuanzia Januari 2016, na za kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Hayo hayathibitishi kwamba serikali zilizofuata zilimwiga Slaa. Yathibitisha tu kwamba neno "haiwezekani" lilikuwa la kampeni, wala halikuwa la uchumi. Ahadi ya saruji ilikuwa dhaifu zaidi: bei ya saruji hutegemea nishati, usafirishaji na kodi, na katika hayo ni sehemu tu iliyo mikononi mwa Rais. Mchunguzi mwadilifu hana budi kuzipima ahadi moja moja, wala asizifunge zote katika furushi moja.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuifanya kampeni iwe juu ya ufisadi, nao ulikuwa na mizizi mirefu zaidi. Tarehe 15 Septemba 2007, katika uwanja wa Mwembe Yanga, Temeke, Slaa alisoma orodha ya watu 11 aliowatuhumu kwa ufisadi, akiwamo Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati ule. Neno fisadi ni la asili ya Kiarabu, na kamusi za zamani zilifasiri kwamba ni mharibifu, hasa mtu mwenye mwenendo mchafu kwa wanawake. Kuanzia miaka hiyo ya 2007 na 2008 maana yake ya kwanza masikioni mwa watu ikawa kiongozi alaye mali ya umma. Lakini neno lilihama pamoja na harufu yake ya kale. Mwizi ni mtu aliyetenda kosa. Fisadi ni mtu mwenye tabia iliyooza. Aliyechagua neno hilo alichagua kuhukumu tabia za watu, si matendo tu, na mtu ahukumuye tabia za wenziwe hujifungia mlango wa kupatana nao. Lowassa alijiuzulu Februari 2008 kwa sababu ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na hakupata kutiwa hatiani na mahakama yoyote hadi alipofariki mwaka 2024. Nguvu ya neno iliipatia CHADEMA wasikilizaji wengi kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Uzito wa neno hilohilo ulirudi juu ya chama miaka mitano baadaye.

Uamuzi wa nne ulikuwa kuyakataa matokeo. Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kura 5,276,827 za Kikwete na 2,271,941 za Slaa. CHADEMA haikuyakubali, na tarehe 18 Novemba 2010 wabunge wake walitoka ukumbini Rais alipokuwa akilihutubia Bunge. Hapo ndipo iliposikika methali isemayo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo ni ya haki, lakini ina sharti lisilotamkwa, yaani kwamba mchezo uwe umechezwa sawasawa. Katika msimu uleule kitenzi "kuchakachua", kilichokuwa cha wauza mafuta waliochanganya petroli au dizeli na mafuta ya taa, kiliingia katika habari za kura. Methali na neno jipya vilipambana, na kila upande ulishika silaha yake. Lawama iwezayo kusimama juu ya Slaa ni kwamba katika nchi ambayo sheria haikuruhusu mahakama kuchunguza matokeo ya urais yaliyokwisha kutangazwa, kukataa kwake kulikosa mlango wa kuingilia. Lawama hiyo, hata hivyo, yaiangukia sheria zaidi kuliko mtu. Aidha, kati ya watu zaidi ya milioni 20 walioandikishwa, waliopiga kura hawakufika milioni 9. Kundi lililo kubwa kuliko yote halikuwa la mshindi wala la aliyeshindwa.

Tabia ya mgombea haionekani vizuri wakati wa kampeni, kwa kuwa siku hizo kila mtu huvaa nguo yake ya sikukuu. Huonekana baadaye. Julai 2015 Lowassa alihama CCM akawa mgombea urais wa CHADEMA na vyama washirika. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Slaa, aliyekuwa bado Katibu Mkuu, alitangaza kwamba anaacha siasa za vyama, kwa hoja kwamba hawezi kumnadi mtu aliyemtuhumu hadharani. Lowassa alipata karibu asilimia 40 ya kura, kiasi ambacho mpinzani hakuwa amekifikia. Kwa kipimo cha hesabu, chama kilichagua vizuri na Slaa alikosea. Kwa kipimo cha neno lililosemwa Mwembe Yanga, Slaa alibaki pale aliposimama na chama ndicho kilichohama.

Kiswahili kina jina la sifa kwa mwenendo huo, nalo ni msimamo. Kina na jina la lawama, nalo ni ukaidi. Tofauti ya majina hayo haimo katika tendo, imo katika upande wa msemaji. Lakini lipo swali ambalo majina yote mawili hulikwepa: uthabiti huo ulikuwa kwa neno, au kwa wenzi waliolibeba neno hilo pamoja naye? Waliogombea na kutembea vijijini kwa ajili yake mwaka 2010 walibaki uwanjani mwaka 2015, naye akaondoka katikati ya kampeni. Mwaka 2017 alikubali kuteuliwa balozi nchini Sweden na Rais John Magufuli wa CCM. Mwaka 2023 alipinga hadharani mkataba wa bandari na kampuni ya DP World ya Dubai, akakamatwa na polisi na kuvuliwa hadhi ya ubalozi. Yaonekana, basi, kwamba ni mtu amwaminiye neno lake kuliko jumuiya yoyote awamo, iwe Kanisa, chama au serikali. Sifa hiyo ilimfaa kuwa mfichuzi. Kwa mtu atakaye kuwa Rais, ambaye kazi yake ni kuwaweka pamoja watu wasiokubaliana, ni upungufu wa kweli, nao ungekuwapo hata kama angalipata kura zote.

Hii ndiyo sababu hukumu ya kitenzi -shindwa haifai. Yamnyima sifa mahali alipostahili, yaani katika maamuzi ya mwaka 2010, na yaficha kosa lake mahali lilipo, kwa kuwa huliweka katika kura. Kiswahili hakikukosa njia. Kwa adabu watu husema "kura hazikutosha", na maneno hayo huiweka habari katika hesabu. Zaidi ya hayo, lugha inalo jina la kale, mshinde, lililoundwa kwa kiishio -e kama mtume, yaani aliyetumwa, na mteule, yaani aliyeteuliwa. Mshinde ni aliyeshindwa na mwingine, basi. Kukosa uwezo hakumo ndani yake. Kamusi zimelihifadhi, na magazeti yamelisahau. Kulirudisha katika matumizi hakutamwongezea mgombea yeyote kura, lakini kutampa msomaji wa Maretadu, na wa kwingineko, nafasi ya kuuliza maswali mawili mbalimbali: nani alipata kura nyingi, na ni mtu wa namna gani aliyezikosa.