Nyimbo Zilizovuka Maji Kuja Mkwaja

Sijapata kusikia bendi iliyozaliwa Mkwaja. Kijiji chetu kiko kusini mwa Pangani, minazi upande mmoja na upande wa pili mbuga iliyokuwa ranchi ya ng'ombe mpaka mwaka 2000, ambayo sasa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Nilipokuwa mdogo, masika ikishika barabara ilikatika, na hata ikipitika, ukifika Bweni bado una mto wa kuvuka kwa kivuko ndipo uingie Pangani mjini. Lakini simama ufukweni utazame mashariki: mbele yako ni maji matupu mpaka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kilomita 50 hivi. Muziki ulionilea ulipita huko.

Wa kwanza kunifikia haukuitwa muziki. Ukimwambia marehemu baba kwamba maulidi ni muziki, angekuondoa barazani kwake. Barzanji, kisomo cha maulidi, iliandikwa Madina karne ya 18, ikasambaa mwambao mzima, na kwetu ilisomwa mtoto akizaliwa, nyumba ikihamiwa, mtu akirudi salama kutoka baharini. Kabla ya kisomo vijana waliwasha makuti na kuyapasha matari moto, ngozi ikaze, kwa sababu upepo wa bahari hulegeza kila kitu. Tari lisilopashwa hutoa sauti ya mgonjwa. Mimi nilikaa nyuma, upande wa wanawake, nikiitikia kaswida mpaka ubani unikerekete koo. Pumzi ninayojivunia leo niliipata pale. Upande wa mama, Wazigua, kulikuwa na ngoma ya selo, na huko hakuna aliyenikalisha nyuma.

Kisha mjomba akanunua redio, National ya betri kubwa. Betri zilipochoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata uhai wa jioni moja zaidi. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuja na kupotea. Sauti ya Tanzania Zanzibar iliingia kama iko nyumba ya jirani, na usiku ilileta taarabu.

Kwa asiyeijua taarabu ya Unguja: ni kundi kubwa lenye fidla, udi, kanuni, akodiani na dumbaki, mtindo uliochukuliwa kwa okestra za Misri. Mwanzoni ilikuwa starehe ya jumba la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mwana wa watu maskini wa Fumba, ndiye aliyeiimba kwa Kiswahili na kuitia habari za mitaani, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay pamoja na wenzake kurekodi sahani za santuri. Bibi yangu alimtaja Siti kwa heshima anayopewa shangazi. Mimi, niseme kweli, taarabu ile ilinichosha. Bashraf, ule utangulizi wa vyombo vitupu, ilikuwa saa yangu ya kwenda kuchota maji, na nikirudi bado hakuna aliyefungua kinywa.

Walionikamata ni Black Star Musical Club ya Tanga. Hawakuwa na safu ya fidla. Walikuwa wachache, wana gitaa la umeme, besi na ngoma ndogo za mkono, na mapigo yao yalikuwa jirani na dansi. Si ajabu, kwani Tanga ile ilikuwa mji wa bandari na wa mkonge, na mitaa hiyo hiyo ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mpiga gitaa wa taarabu alisikia ya mpiga gitaa wa dansi kila Jumamosi, apende asipende. Juu ya gitaa hilo akaja Shakila Saidi na sauti nyembamba isiyokuwa na haraka. Shakila alizaliwa Pangani! Hilo mama alilirudia kila wimbo ulipopigwa, kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa. Nilipomsikia kwenye "Macho Yanacheka" nilielewa kwamba mtu anaweza kulia bila kupandisha sauti. Alifariki Agosti 2016, na siku ile sikupika.

Jambo ambalo watu wa bara hawalijui ni kwamba nyimbo hizi za Tanga nyingi zilirekodiwa Mombasa, kwa wenye studio na maduka ya sahani, kwa sababu kwetu redio ilirekodi kwa ajili ya kurusha hewani, haikuuza santuri. Wengine walikwenda wasirudi. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliokuwa Jamhuri Jazz, waliunda Simba Wanyika huko Mombasa mwaka 1971, kisha wakahamia Nairobi. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitenga na kuanzisha Les Wanyika, wenye "Sina Makosa".

Sasa kumbuka kwamba mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka 1983. Sabuni haikupita, santuri haikupita. Redio ya mjomba ilipita. Usiku tulitafuta Sauti ya Kenya, tukawasikiliza vijana wa Tanga wakiimba Kiswahili chetu kutoka Nairobi, mtangazaji akiwataja kama wa kwao. Mjomba alikasirika kweli kweli. Mimi nilicheza.

Arusini ndiko nilikojua taarabu ina kazi gani. Hatukuwa na uwezo wa kuleta kikundi kutoka Tanga, ila mara moja moja tajiri wa samaki alijitutumua. Mwimbaji anaimba, wewe umekaa na sare yako ya kanga, ukisikia ubeti unaomhusu shoga yako aliyekuteta, unainuka na noti, unakwenda taratibu, unapita mbele yake, ndipo unamtunza mwimbaji. Hujasema neno, na ukumbi mzima umekusikia. Miaka ya 1990, Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano walipotupiana mipasho, wengi walilalamika kwamba taarabu imeharibika. Ninavyoona mimi, walitoa kipazani tulichokuwa tukikifanya kwa miguu.

Siku hizi arusi inakuja na kijana mwenye spika mbili na simu. Ana singeli, ana bongofleva, na ukimwomba Shakila anamtoa humo humo. Shida ni moja: anatunzwa nani? Wengi wanamtupia noti mwenye spika. Mimi nimekataa. Wimbo ukinigusa naipitisha noti yangu mbele ya anayestahili kuiona, kama zamani, kisha nampa yule bibi aliyekaa mkekani akiitikia kila kituo bila kukosea. Mwenye spika amekwishalipwa.