Samaki mtoto anatafuta kundi usiku

Wengi wetu tumekulia kando ya ziwa Tanganyika, dagaa tunawajua vizuri. Mwezi huu twende baharini kidogo. Kuna samaki wa kwenye matumbawe, mweupe, ana mistari mitatu myeusi, mdogo hata kiganja hajazi. Anapatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki mpaka Australia.

Baba analinda mayai tu. Yakishaanguliwa, mkondo unawachukua watoto. Kitoto kinazunguka bahari wazi kama wiki tatu, bila mama bila baba, na wengi wanaliwa hukohuko. Anayepona lazima atafute pa kukaa, na mara nyingi anaingia usiku, maana mchana maadui wanamwona.

Sasa, gizani anajuaje pa kwenda? Kwanza anasikia. Kumbe matumbawe yenye uhai yana kelele: kamba wanagonga makucha, samaki wanakoroma. Mwaka 2005 watafiti walieleza jaribio lao la Lizard Island, Australia. Walipanga mafungu 24 ya vipande vya matumbawe, na kwenye nusu yake wakapiga kelele hizo kwa spika. Samaki wachanga walikuja zaidi penye sauti.

Akifika karibu, harufu inamsaidia kuchagua. Majaribio ya miaka ya 1980 hukohuko Australia yalionyesha kwamba wachanga wa aina hii wanapendelea matumbawe ambayo wenzao wanakaa tayari, na wanawatambua kwa harufu iliyo ndani ya maji. Yaani si lazima wawe ndugu wa tumbo moja, inatosha kuwa wa aina moja.

Lakini kupokelewa kuna bei yake. Mkubwa anakaa upande maji yanakotoka, kwa hiyo wadudu wanaoletwa na mkondo wanamfikia yeye kwanza. Mgeni anakaa nyuma, anaokota yaliyobaki, tena anafukuzwafukuzwa. Ndiyo maana kwenye kundi kubwa mdogo anakua polepole. Anachopata ni usalama: macho ni mengi, na adui akitokea wote wanajitupa kati ya matawi ya matumbawe. Mimi naona afadhali hiyo njaa kidogo.

Ni kama foleni ya bomba, ila hapa haiangaliwi nani kawahi, unaangaliwa ukubwa wa mwili. Mkubwa akiliwa, walio nyuma yake wanasogea nafasi moja mbele.