Nyota Aliyonionyesha Baba

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii nimeifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, nikiwataka wanafunzi waitungie visa katika insha zao, nao wakinitungia visa vya watoto watoro, madereva walevi na vijana waliopuuza shauri la mama. Leo, msomaji mpenzi, nakusudia kuiandika insha hiyo mimi mwenyewe. Guu lililovunjika ni langu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Malindi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijishughulisha na uandishi. Watu wengi hudhani kwamba mwandishi ni mtu aketiye faraghani akingojea ilhamu imshukie. Maisha yangu hayafanani na hayo hata kidogo. Huamka saa kumi na moja alfajiri, nikaketi kwenye meza iliyoundwa kwa mbao za dau kuukuu la marehemu baba. Upande mmoja meza hiyo ingali na tundu la msumari, na mara kwa mara kalamu hutumbukia humo ikatoboa karatasi. Huandika hadi saa moja. Baada ya hapo nyumba si yangu tena: wajukuu wataka nauli, mke wangu anihimiza niwahi samaki sokoni kabla bei haijapanda, na jirani abisha hodi akitaka kuandikiwa barua ya kupeleka kwa chifu. Nikipata ukurasa mmoja usiohitaji kufutwa, humshukuru Mungu.

Kitabu ninachokiandika ni hadithi ya watoto, juu ya mvulana wa Ngomeni na chombo kilichopaa kutoka baharini kikaenda angani. Nilikianza mwaka 2003 na hadi leo sijakimaliza. Mchapishaji mmoja aliyeusoma mswada wangu wa kwanza aliurudisha akisema kwamba habari za wavuvi hazina soko. Nilikasirika, lakini si yeye aliyenizuia. Kizuizi ni jambo nililolitenda mwenyewe nikiwa na umri wa miaka kumi na minane.

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini mwa Malindi. Ukitoka mjini, huvuka Mto Sabaki, ukapita Mambrui, kisha mashamba ya chumvi ya Gongoni, ndipo ukaifikia. Ndiko nilikozaliwa. Katika miaka ya 1960 Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, mkabala wa kijiji chetu, na kutoka jukwaa lililoitwa San Marco roketi zilirusha satelaiti angani kati ya mwaka 1967 na 1988. Mahali hapo palifaa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada inaporushwa kuelekea mashariki, na upande huo wa mashariki hakuna ila bahari tupu.

Baba alikuwa mvuvi. Alasiri aliketi chini ya mkwaju akishona jarife lake, na vijana wakamzunguka kusikiliza masimulizi. Simulizi alilolipenda kuliko yote lilikuwa la tarehe 12 Desemba, mwaka 1970. Mimi sikuwapo siku hiyo. Shule zilikuwa zimefungwa nami nilikuwa Marafa kwa mama yake mama. Baba alisimulia kwamba wavuvi walikatazwa kutweka tanga, wakakaa ufukoni tangu asubuhi, jua likawachoma hata adhuhuri ikapita. Kisha moto ukatoka baharini. "Moto kwanza," alizoea kusema, akiinua kidole, "kishindo baadaye." Hapo hunyamaza kidogo, halafu akamalizia: "Chombo kile kilipewa jina letu. Kinaitwa Uhuru. Kimekwenda kuzitazama nyota zisizoonekana kwa macho."

Mwaka 1981 nilikuwa katika Kidato cha Nne. Nilikuwa nimerudi nyumbani likizo na kichwa changu kimejaa fizikia. Roketi nilizijua, hakuna mtoto wa Ngomeni asiyezijua. Lakini yale maneno ya mwisho yalinichekesha. Nikamuuliza mbele ya wageni: "Baba, nyota isiyoonekana hutazamwaje? Na Wazungu waache majina yao, wakakiite chombo chao kwa Kiswahili?" Wageni wakaangua kicheko. Baba alinitazama kwa muda, akarejea kwenye wavu wake. "Haya," akasema, "wewe ndiwe uliyesoma, mwanangu."

Hakulisimulia tena jambo hilo mbele yangu. Aliishi miaka kumi na sita zaidi, na katika muda huo wote sikumwuliza. Alifariki dunia mwaka 1997, mvua za El Nino zilipokuwa zikianza.

Mnamo Oktoba mwaka 2002 nilikuwa katika chumba cha walimu nikisoma gazeti wakati wa mapumziko. Palikuwa na habari za Tuzo ya Nobel ya fizikia, na mmoja wa washindi alikuwa Riccardo Giacconi, mwanasayansi mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Marekani. Nilianza kutafuta habari zake nipate kuwaeleza wanafunzi, na katika kutafuta huko nikakutana uso kwa uso na maneno ya baba. Satelaiti ambayo Giacconi na wenzake waliitengenezea vyombo vya uchunguzi ilirushwa kutoka San Marco, pwani ya Kenya, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, iliitwa Uhuru. Aliyeusimamia mradi huo katika shirika la NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend.

Na zile nyota zisizoonekana? Uhuru ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni. Miale hiyo macho ya binadamu hayaioni, tena hewa inayoizunguka dunia huizuia isitufikie, ndiyo sababu ililazimu chombo kipelekwe juu ya hewa hiyo. Satelaiti hiyo iliorodhesha vyanzo 339 vya miale ya aina hiyo. Uchunguzi wake wa chanzo kiitwacho Cygnus X-1 uliwasaidia wanasayansi kuamini kwamba kweli yako mashimo meusi angani, ambayo hata nuru haiwezi kuchomoka humo. Mvuvi asiyekanyaga darasa aliliweka jambo hilo lote katika sentensi moja, naye mwanawe msomi akamcheka.

Hata ile "moto kwanza, kishindo baadaye" niliielewa upya. Nuru hutangulia sauti. Mtu anayebuni kisa hutaja moto na kishindo kwa pamoja. Aliyesimama ufukoni na kushuhudia ndiye anayejua kwamba kati ya mawili hayo pana kimya. Fizikia nilikuwa nayo kichwani tangu mwaka 1981. Kilichokosekana ni adabu ya kuitumia kumsikiliza baba badala ya kumkosoa.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba nawaambia kila neno la mzee ni kweli tupu. Jioni, tukirudi kutoka pwani, baba alizoea kunionyesha nyota kubwa ing'aayo upande wa magharibi na kusema, "Ile ndiyo yetu. Ile ndiyo Uhuru." Sivyo. Satelaiti ile ilikoma kufanya kazi mwezi Machi mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaanguka katika hewa ya dunia na kuteketea. Aliyonionyesha baba ilikuwa Zuhura, sayari waijuayo mabaharia wote. Alikosea, na kosa hilo nalipenda kama nilipendavyo lile alilopatia, kwani kutokana nalo najua alivyokuwa akitazama juu kila jioni na alichokuwa akikitafuta.

Mwaka uliofuata, 2003, niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza insha juu ya jamaa zao. Msichana mmoja akasoma yake mbele ya darasa. Aliandika kwamba bibi yake alisomesha watoto kwa kuwauzia korosho za kukaanga wasafiri waliongojea feri ya Kilifi. Darasa likacheka. "Feri ni ya Likoni, bwana!" akapaza mmoja. Wale walikuwa watoto wadogo mno wakati daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991, na kwao daraja lilikuwa limekuwapo tangu enzi na enzi. Msichana akaikunja karatasi yake na kukaa.

Nilikijua kicheko kile. Nilisimama nikawaeleza jinsi magari yalivyopanga foleni Mnarani, jinsi tulivyoshuka kwenye basi na kuvuka mkono wa bahari juu ya chombo, na jinsi harufu ya korosho ilivyotulaki ukingoni. Kisha nikawaagiza waende nyumbani, kila mmoja amwulize mzee mmoja jambo moja ambalo yeye mwenyewe haliamini, aliandike kama alivyoambiwa, halafu atafute ushahidi wake. Insha walizoniletea zilikuwa na makosa mengi ya sarufi, lakini kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikutamani kulala nikizisahihisha.

Jioni ya siku hiyo ndipo nilipoanza kitabu changu. Nilichukua daftari, nikagawa kila ukurasa safu tatu. Ya kwanza ni ya maneno aliyoyasema baba, neno kwa neno. Ya pili ni ya mambo yaliyothibitishwa na maandishi. Ya tatu ni ya yale ninayoyabuni mimi kama mtunzi. Wapo walimu waliopata kuniomba utaratibu huu wakautumie darasani, nami nawapa kwa moyo mkunjufu. Lakini kwangu mimi daftari hilo ni hukumu. Safu ya pili imejaa tele. Ya tatu nayo inarefuka kila alfajiri. Ya kwanza haifiki nusu ukurasa, na haitaongezeka. Alivaa nini siku ile? Nani alikuwa kando yake? Aliogopa? Nani alimwambia habari za nyota zile, na kwa lugha gani? Nilikwenda Ngomeni kuwatafuta rika lake, nikawakuta wawili tu, na mmoja wao alinichukua mimi kuwa ndiye baba.

Yapo majira ninayoshawishika kulijaza pengo hilo kwa maneno ya kubuni na kuyatia kinywani mwake. Mtunzi ana ruhusa ya kubuni, hilo silikatai. Ila najua kwamba nikifanya hivyo kwa siri nitakuwa nimemnyamazisha mara ya pili. Kwa hiyo nimeamua kwamba mvulana wa hadithi yangu atamwuliza baba yake maswali yote ambayo mimi sikuyauliza, na baba huyo atajibu kwa majibu yangu. Lakini mwanzoni mwa kitabu nitaeleza waziwazi maneno yapi ni ya mvuvi na yapi ni ya mwanawe. Uamuzi huo umenipa nguvu mpya, na natumai kukimaliza kitabu kabla kaskazi halijaingia.

Fasihi yetu imejengwa sana juu ya mazungumzo ya nyumbani. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alitunga utenzi wake maarufu mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, aliwatungia tenzi binti yake na mwanawe wa kiume, na akayaandika maisha yake mwenyewe. Hao walikuwa wazazi waliojua kuandika, wakaviachia vizazi urithi kwa mkono wao. Wazazi wetu wengi hawakuwa na kalamu. Wao walituachia maneno tu, wakitegemea kwamba sisi waliotupeleka shule ndio tutakaokuwa kalamu yao.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika kwamba babu yake aliona jambo la ajabu, msikimbilie kalamu nyekundu. Mwulizeni: babu alisema nini hasa? Wapi? Lini? Nanyi wanafunzi, elimu mnayoipata ni ya kuwasaidia kusikia vizuri zaidi nyumbani. Mkikuta kosa katika masimulizi ya wazee, lihifadhini pamoja na ukweli, na mlionyeshe kuwa ni kosa. Lakini ulizeni sasa, maana mzee hakungojei umalize masomo.

Juzi jioni mjukuu wangu wa miaka sita aliniuliza jina la nyota iliyokuwa iking'aa magharibi. Nilimwambia kwamba baba wa babu yake aliiita Uhuru, na kwamba wengine wote huiita Zuhura. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Na yeye nani alimwambia?"

Nilimjibu kwamba sijui, kwa sababu sikumwuliza.