Somo la wali juu ya jani la mgomba

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Methali hii nimeifunza darasani kwa miaka mingi, na maana yake naijua kama nilijuavyo jina langu. Hata hivyo, siku nilipotakiwa kuitekeleza, nilianguka mtihani mbele ya watu.

Nilikuwa nimekwenda Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia, kuhudhuria kongamano la wanaisimu. Siku ya pili, mwenzangu mmoja, mhadhiri mwenyeji wa asili ya Kitamili, alinichukua mchana hadi mtaa wa Brickfields, karibu na kituo kikuu cha treni. Huko kuna mikahawa ya watu wa asili ya India ya Kusini ambayo haina haja ya sahani. Mteja aketipo, huwekewa mbele yake kipande cha jani la mgomba kilichooshwa, na mlo wote hupakuliwa juu yake. Kwa Kimalei mlo huo huitwa nasi daun pisang, yaani wali wa jani la mgomba.

Aliyetuhudumia alikuwa mzee mwenye mvi, ambaye mwenzangu alimwita "anna", neno la Kitamili la kumwitia kaka mkubwa, ingawa hawakuwa na udugu wa damu. Mzee alilaza jani ncha yake ikielekea mkono wangu wa kushoto. Sehemu ya juu akapanga mboga: kabichi iliyotiwa manjano, karela iliyokaangwa hadi ikakauka, na achari kidogo pembeni. Sehemu ya chini, iliyo karibu na mlaji, akamimina wali, kisha akaumwagia mchuzi wa samaki kutoka katika ndoo ndogo ya chuma. Juu ya yote akaweka papadam, nyembamba na kavu, zinazovunjika kwa kuguswa tu.

Nami, bila kufikiri, nikaomba kijiko.

Mzee alinitazama, akaenda, akakileta bila kusema neno. Hapo ndipo nilipoinua macho na kuona kwamba mkahawa mzima, makarani waliovaa tai na mafundi waliovaa ovaroli, walikuwa wakila kwa mkono wa kulia. Soni ilinishika. Mimi niliyelelewa kwa kumega ugali jikoni mwa mama yangu, nilikuwa nimesafiri bahari nzima kwenda kuomba kijiko kwa watu wanaokula kama sisi! Nilikiweka kando, nikaenda kunawa.

Baada ya hapo mambo yalinyooka. Kila wali ulipopungua mzee alikuja kuongeza, kwani katika mikahawa hiyo wali na mboga huongezwa bila malipo zaidi. Samaki na nyama ndivyo hulipiwa mbali. Mwisho akaleta rasam, mchuzi mwepesi wa ukwaju, nyanya, jira na pilipili manga, unaofungua pua na kifua kwa pamoja.

Mwanaisimu akishashiba huanza kuuliza majina ya vitu. Nilimwuliza mzee jina la wali kwa Kitamili. Akasema "soru". Na kabla ya kupikwa? "Arisi." Na ukiwa bado shambani? "Nel." Nusura niruke kitini. Ndugu msomaji, hebu tazama: sisi tuna mpunga, mchele na wali, Wamalei wana padi, beras na nasi, Watamili wana nel, arisi na soru. Lugha tatu za koo tatu zisizohusiana, na zote zimegawa kitu kimoja mahali palepale. Kiingereza huridhika na neno moja, "rice", na hata kilipotaka neno la mpunga kilikwenda kuliazima kwa Wamalei. Sababu si kwamba Mwingereza ni mjinga. Sababu ni kwamba yeye hakulima mpunga wala hakuutwanga. Msamiati hufuata kazi za watu. Kila neno kati ya hayo matatu lina mtu nyuma yake: mkulima, mtwangaji na mpishi.

Nikaendelea. Jani lile ni "vazhai ilai". Nililitamka vibaya. Mzee akanisahihisha, akinionyesha jinsi ulimi unavyokunjwa kurudi nyuma, na kunieleza kuwa sauti hiyohiyo ndiyo inayofunga jina la lugha yao. Alinirudisha mara tatu, kama nifanyavyo mimi kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza.

Kosa langu la mwisho lilikuwa la jani lenyewe. Nilipomaliza nililikunja kwa kulisukuma mbele, nusu ya chini juu ya nusu ya juu. Mzee akasita, kisha akauliza kwa upole kama chakula kilikuwa kibaya. Kumbe kwa desturi yao anayelikunja kuelekea kwake mwenyewe amesema kuwa ameshiba na ameridhika, ilhali kukunja kwa kusukuma mbele huhusishwa na mlo wa matanga. Nililikunjua upesi nikalikunja upya, naye akacheka hadi vijana wa jikoni wakachungulia.

Nilimwuliza nani alimfunza mambo haya yote. Akasema ni babu yake, aliyeletwa kutoka India ya Kusini kugema mpira katika mashamba makubwa enzi za utawala wa Waingereza. Mzee mwenyewe alizaliwa shambani na kusoma katika shule ya Kitamili, na sasa wajukuu wake wanasoma katika shule kama hiyo mjini. Malaysia, ambayo lugha yake ya taifa ni Kimalei, ina zaidi ya shule 500 za msingi zinazofundisha kwa Kitamili. Sidai kuwa huko ni peponi. Wagema mpira waliishi katika ufukara mkubwa, na mwenzangu alikiri kuwa wazazi wengi hubishana nyumbani kuhusu shule ya kuwapeleka watoto wao. Lakini mzee hakuwa na ubishi. "Wajukuu wangu hula hapa siku ya Jumapili," alisema. "Wasipoijua lugha yetu, bibi yao atawaita mezani kwa lugha gani?"

Swali hilo lilinichoma, na sitaficha sababu.

Nilipokuwa shule ya msingi, mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Nilikivaa kibao hicho mara nyingi. Nimekwisha kuandika makala za kitaalamu kukilaani. Na bado, watoto wangu mwenyewe nimewalea kwa Kiingereza, bila kibao, kwa tabasamu na zawadi. Mama yangu, anayejua lugha moja tu, akija mjini hukaa na wajukuu wake kama abiria wa basi moja, hadi mimi nitoke kazini niwatafsirie. Kiswahili nacho kimechechemea: kitinda mimba wangu, akiwa na sahani mkononi, hunambia "Baba, nataka mchele mwingine." Nimesikia kosa hilohilo kwa wanafunzi wangu wa chuo kikuu, nikawakaripia, nisikumbuke lilikotoka.

Serikali pekee haifai kulaumiwa. Sera yetu ya elimu imekubali kwa miaka mingi kuwa watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha ya eneo lao, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze lugha za kiasili. Lakini sheria haipakui chakula. Wala sisemi Kiingereza kitupwe, ndicho kinachonilisha. Nasema tu kwamba mlango wa lugha ya pili hauhitaji kufunguliwa kwa kubomoa ukuta wa ile ya kwanza.

Walimu wenzangu, jaribuni zoezi moja. Mwagizeni kila mwanafunzi amwulize bibi au babu yake majina ya chakula kimoja tangu shambani hadi mezani. Akichagua ndizi, kwa Kiswahili ataanza na mgomba, aje kwenye mkungu, chana, hadi ndizi yenyewe. Kisha alete majina hayo kwa lugha ya kwao. Asipoyapata, aulize kwa nini.

Nami nimeanza kwangu. Siku ya Jumapili, mezani petu, Kiingereza hubaki sebuleni. Jumapili ya kwanza tulikula kimya kama watu waliofiwa. Jumapili ya tatu mama yangu alikuwapo. Kitinda mimba alimwomba mboga kwa lugha yetu, akakosea kiambishi. Bibi yake akamsahihisha, akamrudisha mara tatu, ndipo akampakulia.