Mashine Ikikuuliza: Shilingi au Pauni?

Tuseme, msomaji, ndugu yako anahitimu chuo kikuu huko London, nawe umeamua kumpeleka mama akajionee. Mama yuko Londiani. Ameuza ndama wawili na viazi vya msimu mzima, akakukabidhi fedha hizo pale Londiani Junction kabla hamjapanda matatu ya Nakuru. Wewe unafanya kazi Nairobi na una kadi ya mkopo. Basi kadi ni yako, lakini jasho litakalolipa deni lake ni la mama.

Baridi ya Uingereza haitamtisha mtu aliyekulia Londiani. Hata hivyo mwaenda kumnunulia koti, bei yake pauni 60. Unaingiza kadi, mara mashine inauliza: utalipa kwa pauni, au kwa shilingi za Kenya? Moyo utakwambia shilingi, kwa kuwa ndizo unazozijua. Hapo ndipo wengi huumia.

Ukichagua shilingi, fedha hubadilishwa papo hapo kwa kima cha wenye huduma ya mashine ile, na faida yao imo ndani. Ukichagua pauni, hesabu hupitia Visa au Mastercard, ambao kwa kawaida kima chao ni nafuu. Tuchukue mfano tu: huku pauni iwe Sh170, kule Sh180. Koti lile lile litakuwa Sh10,200 au Sh10,800. Shilingi 600 zimekwenda na wala hukuibiwa, umebonyeza mwenyewe! Kuchagua ni haki yako, kwa hivyo karani akikuchagulia shilingi, mwambie afute aanze upya.

Pengine mama atauliza, mbona msibebe noti tu? Mwambie mabasi ya London yaliacha kupokea fedha taslimu mwaka 2014. Abiria hugusisha kadi kwenye mashine akiingia, na kadi moja hubeba mtu mmoja. Ukigusisha yako, mama bado hajalipiwa. Mnunulie kadi ya Oyster kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi.

Benki yako nayo huenda ikatoza ada kwa matumizi ya nje. Iulize kabla ya safari, na uiarifu unakokwenda, isije ikaifunga kadi ikidhani imeibiwa. Hakikisha pia laini yako ya simu itapokea ujumbe huko, maana mara nyingi nambari za kuthibitisha malipo hutumwa kwa simu.

Jambo moja usilifanye ila umekwama kabisa: kutoa noti kwa kadi ya mkopo. Ukinunua koti na kulipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kawaida hutozwi riba. Ukitoa noti, riba huanza kuhesabiwa siku ile ile, tena na ada juu yake.

Hoteli nyingi huzuia kiasi fulani kwenye kadi mnapofika, na huenda zikapita siku kadhaa baada ya kuondoka kabla hakijaachiliwa. Usishtuke ukiona nafasi ya kukopa imepungua. Tunza risiti zote, uzilinganishe na hesabu ya benki mkirudi, kisha uziingize fedha za mama benki kabla tarehe ya kulipa haijapita.